Kiasi cha Bunduki

Likizo ya Aprili mwaka 2007 ilimkuta mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu akiwa na kurasa 9 za tafsiri mkobani na wasiwasi moyoni. Somo lake la tafsiri lilimtaka kila mwanafunzi achague matini ya kiufundi, aifasiri kwa Kiswahili sanifu, kisha aiwasilishe muhula utakapofunguliwa. Wenzake walichagua matini za kompyuta, za kilimo cha mboga na za utunzaji wa vidonda. Yeye alichagua kijitabu kinachowafundisha wapiga shabaha namna ya kuifanya bunduki ya kushindilia, yaani ile inayojazwa baruti na risasi kwa mdomoni, ipige papo hapo inapolengwa. Uteuzi huo ulikuwa na sababu. Nyumbani kwao Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki, babu yake alisifika kuwa katika ujana wake alizijua mno bunduki za aina hiyo, ijapokuwa hakuna mjukuu hata mmoja aliyepata kumwona ameshika bunduki.

Siku ya pili baada ya kufika, sala ya alasiri ilipokwisha, mwanafunzi aliketi na mzee barazani akamsomea anwani ya kazi yake kwa sauti ya mtu aliyeridhika: "Jinsi ya Kupata Mzigo Sahihi wa Bunduki ya Risasi Yenye Kiraka."

Mzee alinyamaza kidogo, akakiweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Bunduki yako ni punda, mwanangu?"

"La, babu."

"Basi mzigo wa nini? Na hiyo risasi, imechanika wapi hata ikatiwa kiraka?"

Kosa la mwanafunzi huyu si geni kwa waliowahi kufasiri. Kamusi ya lugha mbili huweka mbele maana iliyozoeleka, na mfasiri aliye na haraka huichukua hiyo kama mtu anayechukua viatu vya mwenzake mlangoni mwa msikiti: vinamtosha, lakini si vyake. Neno la Kiingereza alilokutana nalo kijitabuni humaanisha mzigo wa mpagazi, shehena ya jahazi na pia kile kinachotiwa ndani ya bunduki. Alichukua la kwanza. Neno jingine lilimaanisha kiraka cha nguo na pia kile kitambaa kinachoizunguka risasi ya duara ndani ya mtutu. Hapo tena alichukua la kwanza.

"Sema kiasi," mzee alimwambia. "Kiasi cha bunduki. Sisi hatukuwa na neno jingine. Na risasi huvishwa. Kitambaa ni nguo yake."

Mwanafunzi aliliandika neno hilo pembeni mwa ukurasa akiwa na shaka, maana kwake kiasi lilikuwa neno la sukari katika chai na la fedha mfukoni. Aliporudi maktabani baadaye aliona kwamba mzee hakukosea. Kamusi za zamani, ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinalitambua neno kiasi kwa maana ya kipimo, kwa maana ya wastani usiovuka mpaka, na kwa maana ya kile kinachoshindiliwa katika bunduki. Asili yake ni Kiarabu, katika neno la kupima na kulinganisha. Inaelekea kwamba wapigaji wa pwani waliipa baruti jina hilo kwa kuwa ilipaswa kupimwa kila mara kabla ya kumiminwa, na viwanda vya Ulaya vilipoanza kuifunga baruti na risasi pamoja ndani ya ganda la shaba, jina lilihamia kwenye ganda hilo ingawa mpigaji hakupima tena chochote. Neno lilibaki, kazi iliyolizaa ikaondoka.

Si neno hilo pekee. Msamiati wa bunduki katika Kiswahili ni mpana kuliko wanavyodhani wengi wanaousoma leo. Bunduki iliyowashwa kwa utambi iliitwa bunduki ya mrao. Iliyowashwa kwa cheche za jiwe iliitwa gumegume. Baadaye zilikuja za fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachopasuka kinapogongwa na nyundo na kuupeleka moto ndani kupitia kifa. Ufito wa kushindilia ni mdeki. Na jina lililozijumuisha zote hizo za kujazwa mdomoni, hata zikawa katika vinywa vya watu mithili ya alama ya zama fulani, ni gobori. Mwana wa Kiswahili aliyesoma maisha ya Hamed bin Muhammed atakumbuka kwamba jina lake maarufu, Tippu Tip, mwenyewe alilihusisha na mlio wa bunduki za watu wake.

Magobori hayo hayakuwa machache. Mnamo mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha zilizokwisha kutupwa na majeshi ya Ulaya yaliyopata bunduki mpya, na baadhi yake zilifika katika miji ya mwambao huu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kuzuia biashara hiyo, ulizilenga hasa bunduki zilizochongwa mifereji ndani ya mtutu, ukaacha mwanya kwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Waandishi wa mkataba walijua walichokuwa wakikifanya. Gumegume ya mtutu laini hutisha kwa mlio na moshi, lakini kupita hatua 60 au 70 risasi yake huenda itakako. Miaka 5 tu baadaye vita vya Wamazrui vilizuka kutoka Takaungu, vikaenea mwambao mzima hadi mwaka 1896, na mwaka 1914 Wagiriama waliingia vitani na serikali ya kikoloni wakiwa na pinde na mishale ya sumu mbele ya askari waliobeba bunduki za mifereji. Nani alikuwa na mifereji na nani hakuwa nayo: historia ya pwani hii imeamuliwa mara kadhaa na swali hilo.

Bunduki aliyoijua mzee wa Mambrui ilikuwa na mifereji. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa kijana wa miaka kama 15, alifanya kazi katika shamba la minazi na mikorosho la Mzungu mmoja aliyestaafu, kaskazini ya mji. Mwenye shamba alikuwa na bunduki za kisasa kabatini, lakini aliyoipenda ilikuwa ya kushindilia, urithi wa babu yake, ndefu na nzito, ya fataki, na ndani ya mtutu wake mlikuwa na mifereji 7 iliyojipinda polepole kutoka chini hadi mdomoni. Kijana ndiye aliyekabidhiwa kuitunza, kuisafisha na kuishindilia. Baruti yenyewe mwenye shamba aliifungia katika sanduku lenye kufuli, akawa anamtolea kidogo kidogo.

Hapa kijitabu na mzee walikubaliana kwa kila neno. Katika bunduki ya mtutu laini risasi hutupwa tu ndani, nayo hutoka ikigongagonga kuta. Katika bunduki ya mifereji, risasi ya duara hufanywa ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu, kisha huvishwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Kitambaa hicho hujaza nafasi iliyobaki, hushikwa na mifereji, na kwa kuwa kimeikumbatia risasi, huizungusha pamoja nacho. Risasi inayozunguka hushika njia. Kitambaa huanguka hatua chache mbele ya mtutu, risasi huendelea peke yake. Ikiwa tundu lina upana wa milimita 12.7, risasi huwa ya milimita 12.4 hivi, yenye uzito wa gramu 11 na nusu, na kitambaa huwa na unene usiofika nusu milimita. Katika vipimo hivyo vidogo ndimo ulimo usahihi wote.

"Kwa hiyo, babu, mlianzaje kukitafuta kiasi?"

Mzee hakujibu swali hilo siku ile. Alisema upepo umegeuka, akaingia ndani.

Alilijibu siku ya tatu, na hakulijibu kwa mafunzo. Alianza na kiganja. Alieleza kwamba alipokabidhiwa bunduki ile hakufundishwa na mwenye shamba, bali na mtu mzima mmoja aliyekuwa amezoea magobori ya zamani, naye alimwonyesha njia ya wapigaji wa kale: unaiweka risasi katikati ya kiganja, unaimiminia baruti mpaka inafunikwa, na hicho ndicho kiasi chako. Njia hiyo ilijulikana mbali sana na Mambrui. Hata wawindaji wa misitu ya Marekani waliitumia. Ni njia nzuri kwa mtu aliyepotelewa na kipimo. Ila kiganja si chombo. Mkono wa kijana una bonde lake na wa mtu mzima una lake. Mkono mkavu hubeba kidogo, mkono wenye jasho hung'ang'ania chembe nyingi. Leo risasi hufunikwa kwa gramu 3, kesho kwa 5, na mpigaji huamini kwamba amefanya jambo lile lile.

Msimu ule nguruwe mwitu waliuharibu muhogo wa watu kuanzia mashamba ya nyuma ya mji hadi ukingoni mwa msitu. Kwa Waislamu wa Mambrui balaa hilo lina udhia wa ziada, kwa sababu mnyama huyo hana faida kwao hata akiuawa. Jioni moja mwenye shamba alitoka na bunduki yake, na vijana wanane wakapewa vipande vya bati wavigonge ili kuwasukuma nguruwe watoke kichakani. Mmoja wa vijana hao alikuwa mdogo wake mshindiliaji, mwenye miaka 12.

Mshindiliaji alimimina baruti kiganjani. Mkono ulikuwa na jasho. Risasi ilipofunikwa aliongeza kidogo, na hapa mzee alitaja sababu yake bila kujitetea: alitaka nguruwe afe upesi. Alidhani, kama wadhanivyo wengi, kwamba baruti ikizidi, bunduki huzidi uzuri.

Nguruwe alitokea umbali wa hatua 40. Mwenye shamba alilenga bega. Risasi ikaingia nyuma, karibu na paja, na mnyama aliyejeruhiwa akageuka akaelekea kule kulikokuwa na makelele ya mabati. Jino lake lilimpasua mtoto paja la kulia kutoka juu ya goti hadi karibu na nyonga.

Mwanafunzi alitambua habari ya nani anasimuliwa kabla mzee hajataja. Babu mdogo, aliyefariki mwaka 1999, alichechemea maisha yake yote, na watoto wote wa ukoo ule walikua wakiambiwa kwamba alianguka kutoka juu ya mnazi akiwa mtoto. Kwa nini mnazi? Mzee alisema kwamba mama yao ndiye aliyeutunga uongo ule. Kuanguka mnazini ni ajali yenye heshima, kila nyumba ina mtu wake aliyeanguka. Kuraruliwa na nguruwe ni jambo ambalo watoto wa chuoni wangelifanya wimbo. Basi ukawa mnazi, na hata yule mgonjwa mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, aliusimulia mnazi ule na kuutaja ulipokuwa.

Hakuna aliyemlaumu mshindiliaji. Mwenye shamba alisema amelenga vibaya. Baba yao alisema ni kudura ya Mungu. Kijana aliyapokea yote mawili kwa mdomo, lakini mkono ule wenye jasho aliujua yeye.

Kuanzia hapo mzee alisimulia kwa kirefu, na mwanafunzi aliyekuja kutafuta istilahi alijikuta ameiacha kalamu. Mtoto alipokuwa bado amelazwa Malindi, mkubwa wake alimwomba mwenye shamba ruhusa ya kuijaribu bunduki kila alfajiri itakayokuwa shwari. Aliruhusiwa. Kwanza alikata pembe ya mbuzi, akaichimba ndani, akaikwangua mpaka ikaja kuwa kikombe chembamba, na ubavuni akachonga mikato 5. Kila mkato ulikuwa kiasi kimoja. Baruti haikugusa tena kiganja chake, wala haikumiminwa mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye chombo cha kuhifadhia, kwa sababu cheche moja iliyosalia chini ya mtutu ingeweza kuupandisha moto hadi kwenye chombo kizima mkononi mwa mtu.

Shabaha ilikuwa ubao uliopakwa duara kwa makaa, umesimamishwa hatua 50. Bunduki aliilaza juu ya gunia la mchanga ili kosa la mkono lisichanganyike na kosa la kiasi. Alipiga mara 3 kwa mkato wa chini, akautazama ubao. Mara 3 kwa mkato wa pili, akautazama. Baina ya mpigo na mpigo alipitisha kitambaa kibichi mtutuni. Katika hewa yenye unyevunyevu ya pwani masizi ya baruti hubaki laini na hufutika kwa urahisi, tofauti na bara kukavu ambako hugeuka ukoko; lakini unyevunyevu huo huo hula chuma, na bunduki iliyoachwa bila kuoshwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta siku ile ile huamka na kutu. Kusi lilipovuma hakujaribu kitu, maana hangejua kama risasi imesukumwa na baruti au na upepo. Alingoja maleleji, zile siku za utulivu kati ya pepo mbili.

Kanuni yake ilikuwa moja na hakuna aliyemfundisha: alibadili kitu kimoja tu kwa wakati. Akibadili baruti, hakugusa kitambaa. Akibadili kitambaa, baruti ilibaki katika mkato wake. Alianza na bafta, nyembamba na laini, ikatoka mtutuni imetobolewa na moto. Akajaribu kaniki. Hatimaye akaja kwenye marekani, lile jamvi la pamba lisilopaushwa ambalo mabibi wa zamani walilipima kwa mikono sokoni, akagundua kwamba likiwa jipya lina wanga unaolifanya gumu na lisilonywa mafuta. Likifuliwa mara mbili na kuanikwa, lilishika vizuri. Mafuta nayo yalikuwa na kesi yao. Ya nazi yalikuwepo tele, lakini kwa joto la Mambrui hubaki majimaji, na bunduki ikikaa imeshindiliwa kwa saa moja yalichuruzika na kuilowesha baruti. Alichanganya nta ya nyuki na shahamu ya kondoo. Huo ndio mchanganyiko uliokaa.

Risasi alizisubu mwenyewe kwa kalibu ya mwenye bunduki, kwa madini ya chubwi kuukuu alizopewa na wavuvi. Iliyotoka na makunyanzi, ishara kwamba madini yalimwagwa yakiwa yamepoa, ilirudi chunguni. Alisema kwamba aliisikiliza kila moja kwa kuiangusha juu ya jiwe. Kijitabu hakina habari ya jiwe, kinashauri mizani. Mwanafunzi hakuthubutu kumsahihisha.

Jambo lililomshangaza zaidi mwanafunzi ni kwamba mzee hakuisoma bunduki yake katika ubao peke yake. Aliisoma katika vitambaa. Baada ya kila mpigo alitembea mbele ya mtutu, akaviokota mchangani na kuvipanga juu ya kuti. Kitambaa kilichounguzwa katikati kilisema baruti imezidi au mafuta yamepungua. Kilichokatwa kwenye mistari ya mifereji kilisema risasi imebana mno. Kilicho kizima, chenye duara jeusi katikati na pindo zilizochakaa kidogo tu, kiasi kwamba mtu bahili angeweza kukitumia tena, hicho ndicho alichokitafuta. Kurasa 2 nzima za kijitabu zilikuwa zikieleza jambo hilo, nazo ndizo mwanafunzi alizokuwa amezifasiri vibaya kuliko zote, kwa sababu hakuelewa ni kwa nini mtu aokote matambara.

Mkato wa kwanza uliyatawanya matundu kwa upana wa sahani ya pilau. Wa pili uliyakusanya kidogo. Wa tatu uliyakusanya zaidi. Mkato wa nne ulipiga risasi 3 ambazo kisahani cha kikombe cha chai kiliyafunika matundu yake yote. Kijana alifurahi, akapanda mkato wa tano akitarajia makubwa, na matundu yakatawanyika tena, vitambaa vikarudi vimeungua. Alikaa chini, akauelewa ubao. Kiasi alichokimimina kwa kiganja jioni ile ya nguruwe kilikuwa kimevuka hata huo mkato wa tano.

Alirudia mkato wa nne asubuhi 6 mbalimbali kabla ya kuuamini. Kisha akauchonga mdeki alama moja, mahali ulipolingana na mdomo wa mtutu pindi risasi ilipokalia baruti barabara, kwa sababu risasi iliyoachwa juu ikaacha nafasi tupu chini yake inaweza kuupasua mtutu usoni mwa mpigaji. Tangu hapo kila aliposhindilia aliitazama alama hiyo. Nguruwe wa msimu uliofuata walianguka pale walipopigwa, na nyama ikachukuliwa na majirani ambao dini zao haziwazuii. Mdogo wake alikuwa amekwisha kurudi nyumbani na fimbo.

Mwenye shamba aliuza mali yake mwaka wa uhuru, 1963, akaondoka na bunduki. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini, na wale wachache waliokuwa bado na habari za baruti wakawa hawana wa kumpa habari hizo. Mzee alifanya biashara ya samaki, akalea watoto, hakuishika bunduki tena. Hakusema kama aliikosa. Ilionekana kwamba mambo mawili yalikaa ndani yake pamoja, fahari ya mkato wa nne na lile paja, na kwamba hakuweza kulisimulia moja bila ya jingine, ndiyo maana kwa miaka 50 hakusimulia lolote.

Mwanafunzi aliiandika upya tafsiri yake yote kwa usiku 4. Mzigo ukawa kiasi, kiraka kikawa kitambaa, na risasi ikavishwa. Zile kurasa 2 za kuvisoma vitambaa alizifuta kabisa akazianza kutoka neno la kwanza, akiandika kama alivyosikia barazani. Mhadhiri wake aliizungushia duara la wino mwekundu sentensi moja iliyotumia neno kiasi mara mbili kwa maana mbili tofauti, akauliza kama msomaji hatachanganyikiwa. Swali hilo ni la haki. Mwanafunzi aliiacha sentensi kama ilivyo, akapunguziwa alama 2.

Kabla ya kuondoka Mambrui, hata hivyo, alikuwa amefanya jambo moja jingine. Bibi yake alipomtuma jikoni amletee kipimo cha mbegu za mchicha, alikuta ni kikombe chembamba cha pembe, kimekuwa cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na ubavuni kina mikato 5. Aliomba ruhusa akakiosha, akaenda nacho mjini Malindi kwenye duka la dawa, akanunua bomba la sindano na kuijaza pembe maji hadi mkato wa nne. Zilikuwa mililita 4 na sehemu 2 za kumi. Baruti nyeusi, ikipimwa kwa ujazo, inakaribiana na maji kwa uzito, kwa hiyo mkato ule ulibeba gramu 4 na kidogo. Kijitabu kilishauri kwamba kwa tundu la upana ule mpigaji aanze na gramu 3 na robo, kisha apande kwa theluthi moja ya gramu kila mara hadi matundu yatakapokusanyika. Ukipanda hivyo mara 3 utakuwa umefika kwenye mkato wa mzee, uliochongwa kwa kisu na mvulana asiyejua kusoma Kiingereza.

Alirudi mbio kumweleza. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akaipokea pembe, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, kisha akauliza kama maji aliyoyapimia yalikuwa ya mfereji au ya kisima.